Kuweka giaboksi ya otomatiki kwenye pikapu ya zamani: maswali ambayo watu wa Mtwara na Lindi wanauliza kila siku

Tangu Hilux ya mzee wangu ianze kutembea Mikindani ikiwa na pedali mbili badala ya tatu, haipiti wiki sijasimamishwa na mtu, iwe sokoni, kituo cha mafuta, hata msibani, na maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa kwa mpangilio. Gari yenyewe ni Hilux ya miaka ya 80, injini 22R ya petroli yenye kabureta, inasukuma tairi za nyuma tu, ilikuja na gia za mkono na sasa hivi ina boksi ya otomatiki ya A43D. Nikiongelea dizeli au fowili (inayosukuma tairi zote nne) nitasema wazi.

## MAMBO YA MWANZO

Kwanini uharibu pikapu nzuri ya manyuali?

Kwa sababu ya goti. Mzee goti lake la kushoto limechoka, na klachi ya pikapu ya zamani sio laini kama ya gari za siku hizi, ukiwa kwenye foleni ya maghala msimu wa korosho unakanyaga na kuachia mara mia. Akaanza kuiacha gari nyumbani anapanda bodaboda, mtu aliyeendesha hiyo gari miaka zaidi ya 30. Kumnunulia gari nyingine ilikuwa rahisi zaidi ila hakuitaka, anaitaka hii. Basi.

Kama huna sababu ya namna hiyo, mguu, mgongo, au mama anataka kuendesha na klachi inamshinda, mimi nitakwambia ukweli wangu: bakia na manyuali. Kwa huku kwetu kila fundi anaijua, na pleti ya klachi unaipata hata Masasi.

Si ni kutoa boksi moja na kuweka nyingine?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotelea. Boksi ni kitu kimoja kati ya vitu kama kumi na mbili. Kuna konvata (ngoma ya oili inayofanya kazi ya klachi), kuna pleti nyembamba yenye meno ya stata inayokaa badala ya flaiwili pamoja na bolti zake, kuna mkono wa gia na fimbo zake, kebo ya akseleta inayoenda kwenye boksi, swichi ya P na N (P ya kuegesha, N ya huru), mabomba ya oili, kipozeo cha oili, maunti ya nyuma, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) yenye urefu mwingine, na stiki ya kupimia oili na bomba lake. Ukikosa kimoja gari inalala juu ya mawe wiki tatu unasubiri basi litoke Dar na kifurushi chako.

Ndo maana ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni huu: nunua seti nzima kutoka kwenye gari moja inayochinjwa, usinunue boksi tupu. Boksi tupu inaonekana bei rahisi siku ya kwanza tu. Mimi nilinunua tupu, na mwisho wa kazi nilipopiga hesabu, boksi yenyewe haikufika nusu ya hela yote niliyotumia.

Otomatiki inaweza mzigo kweli? Huku tunabeba korosho sio abiria.

Inaweza, ikipozwa. Ndani ya konvata kuna oili inayozungushwa, na gari ikiwa inaanza kuondoka konvata inazidisha nguvu ya injini kama mara mbili hivi, kwahiyo kuondoka na mzigo kwenye mlima otomatiki inaondoka vizuri, hainuki klachi iliyoungua wala hairudi nyuma. Tatizo ni kwamba nguvu inayopotea pale kwenye konvata inageuka joto, na joto ndo linaua otomatiki. Mzigo wenyewe ni wa pili. Soma jibu la kupoza oili hapo chini kabla hujafikiria kitu kingine chochote.

Ila usiongeze mzigo kuliko ule gari iliotengenezewa. Pikapu ya tani moja ibaki tani moja.

Itakula mafuta?

Itaongeza kidogo, hasa kama boksi haina lokapu (hilo nimelieleza kwenye swali la herufi). Kwenye lami ya Mtwara mpaka Mingoyo ukitembea mwendo mmoja na overdraivi (ile gia ya juu ya mwendo mkubwa) imeingia hutaona tofauti kubwa. Mjini, simama ondoka, utaiona.

## KUTAFUTA BOKSI

Boksi gani inaingia kwenye pikapu yangu?

Anza na injini, usianze na gari. Kinachoamua ni matundu ya bolti nyuma ya injini.

22R ya petroli kama ya kwetu: Toyota wenyewe waliifunga na A43D kwenye pikapu zilizouzwa Marekani miaka ya 80, kwahiyo sio kitu cha kubuni. Dizeli za 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja, hapo unatafuta seti iliyotoka kwenye Surf au Hiace ya otomatiki yenye injini ya ukoo huohuo wa L. Land Cruiser ya zamani yenye 1HZ, wanaoifanya wanatumia A442F iliyokuwa kwenye Land Cruiser 80, maana 1HZ na 1HD-T, injini ya hiyo 80, ni ndugu.

Sasa tahadhari. Boksi yenye jina lilelile ilifungwa kwenye injini tofauti tofauti, kinachobadilika ni belihauzingi, lile kava la mbele lenye umbo la kengele. A43D iliyotoka kwenye Crown au Mark II yenye injini nyingine, kwa nje utaona ni hiyohiyo, ukifika kwenye 22R matundu hayakutani. Chukua boksi la karatasi gumu, liweke nyuma ya injini yako, lichore matundu yote na zile pini mbili za kuongozea, uende nalo dukani. Muuzaji atakushangaa mwache akushangae. Kama huwezi kwenda mwenyewe piga picha ya karatasi ikiwa na rula pembeni.

Na kwenye gari inayochinjwa angalia kile kibati cha Toyota kwenye chumba cha injini, pameandikwa TRANS/AXLE, hapo jina la boksi lipo. Ni uhakika kuliko maneno ya mtu.

Hizo herufi za mwisho maana yake nini?

D ni overdraivi. L ni lokapu, yaani konvata inajifunga kwenye mwendo mkubwa oili isiteleze, mafuta yanapungua na joto linapungua. E ni ya umeme, inataka kompyuta. F ni ya fowili. Kwahiyo A43D ina overdraivi haina lokapu, A43DL inayo, A43DE inataka kompyuta, A340E ni ya umeme ya gari inayosukuma nyuma, A340F ni ya fowili. Ukiwa na pikapu ya fowili usidanganywe uchukue ya E eti transfa (boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) itafungwa tu, nyuma haziko sawa.

Ya kompyuta au ya kebo?

Kwa pikapu ya zamani yenye kabureta au pampu ya dizeli ya kawaida chukua ya kebo, yaani inayobadili gia kwa presha ya oili yenyewe. Ya kompyuta ni nzuri na inabadili laini zaidi ila inahitaji ijue akseleta imekanyagwa kiasi gani na gari inakimbia kiasi gani, na injini yako haina vitu vya kuiambia. Itabidi ufunge sensa, uweke kompyuta, uchore waya mpya, halafu siku ikigoma Nachingwea utafanyaje? Ya kebo ikigoma unalala chini unaangalia.

Ukiwa unabadili na injini pamoja, kwa mfano unaweka injini ya 1KZ-TE na boksi yake ya A343F kutoka kwenye Prado, hiyo ni habari nyingine, hapo kompyuta inatoka kwenye gari hilohilo.

Nanunuaje used bila kupigwa?

Ukiikuta bado iko kwenye gari na gari inawaka, umepata bahati, itumie. Injini ipate moto, kanyaga breki na funga hendibreki, toa N weka D (ya kwenda mbele), hesabu mpaka usikie gari imekamata. Toyota wanataka isizidi sekunde 1.2, na N kwenda R (rivasi) isizidi 1.5. Ikikaa sekunde tatu ndo inashtuka, iache hapohapo.

Ikiwa imeshashushwa, vuta oili kidogo uipake kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu au kahawia ya mbali ni sawa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, hapana. Halafu omba wafungue sampo, lile karai la oili chini ya boksi. Najua wengi wanakataa, akikataa ujue. Ndani kuna sumaku ndogo, ukikuta tope laini la kijivu kwenye sumaku usiogope, ni kawaida ya kila boksi iliyofanya kazi. Ukikuta vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa vidole, au magamba meusi ya pleti, funga uondoke.

Mimi niliuziwa ya kwanza na mtu aliyeniapia kwamba imetoka kwenye gari iliyogongwa. Ilivyofika Mtwara nikafungua sampo, magamba yamejaa mpaka kwenye chujio. Hela haikurudi, na nauli ya kuleta chuma cha zaidi ya kilo hamsini kutoka Dar haikurudi.

Spea zinatoka wapi?

Boksi na seti zake, Dar, Ilala na Gerezani. Mtwara mjini utapata oili, hozi, sili za kawaida, krosi za propela. Agiza vyote vije kwa safari moja, na usipange kazi kubwa katikati ya masika, mnakumbuka mwaka 2024 mvua ilivyokata barabara pale Somanga watu wakakaa hawajui watapitaje.

## KAZI YA GEREJI

Toki konvata inafungwaje? Nimeambiwa watu wanapasua boksi hapo.

Ni kweli, na mimi ni mmoja wao, kwahiyo jibu hili lisome polepole.

Konvata inaingia kwenye boksi kwa hatua tatu. Kwanza inakaa kwenye shafti yenye meno, halafu kwenye shafti ya pili, halafu masikio yake mawili yanaingia kwenye pampu ya oili. Ikiingia hatua mbili tu itaonekana imekaa, inazunguka, unafurahi. Unainua boksi, unaipeleka kwenye injini, inabaki nafasi kama ya sentimita moja, unasema bolti zitaivuta. Hapo ndo kosa. Bolti zinaivuta kweli, na zinachokifanya ni kuisukuma konvata iponde pampu. Ya kwetu niliwasha gari nikasikia mlio kama wa kusaga karanga kavu, oili ikaanza kutoka mbele, na gari haikusogea hata hatua moja. Nikashusha boksi yote upya, pampu imepasuka.

Namna sahihi: simamisha boksi mdomo ukiangalia juu, mimina oili kama lita moja ndani ya konvata, iweke, uizungushe taratibu huku unaibonyeza kwa uzito wa mikono. Utasikia inadondoka, kok, halafu inadondoka tena. Halafu laza rula juu ya mdomo wa belihauzingi upime kutoka kwenye rula kushuka mpaka pale konvata inapofungwa bolti. Lazima iwe imezama ndani. Ukishainua boksi ikakutana na injini bila kulazimisha, konvata izunguke kwa mkono na iwe na mchezo kidogo, yaani uivute mbele ndo iguse pleti yenye meno. Ikiwa imebana kabla hujaweka bolti zake, shusha. Usibishane na chuma.

Fundi kasema kuna bushi ya kutoa nyuma ya krenki, kweli?

Kweli. Manyuali ina beringi ndogo au bushi katikati ya krenki inayoshika ncha ya shafti ya boksi. Pua ya konvata inataka kukaa palepale, ukiiacha konvata haikai katikati. Itoe. Mafundi wa zamani wanajaza grisi kwenye tundu halafu wanagonga na chuma kinacholingana na tundu, grisi inaisukuma itoke yenyewe.

Na zile bolti za flaiwili usizirudishie kwenye pleti nyembamba, urefu ni tofauti.

Propela inakatwa?

Mara nyingi ndio, kukatwa au kuongezwa, kwasababu boksi ya otomatiki urefu wake ni mwingine. Usipime gari ikiwa imening'inia kwenye jeki, pima ikiwa imekaa kwenye tairi zake zote. Acha nafasi ya ile sehemu inayoteleza kuingia na kutoka, ikiwa imegonga mwisho siku ukipita kwenye shimo na mzigo itasukuma boksi. Na baada ya kuchomelea ipelekwe ikabalansiwe. Ukiona gari inatetemeka kuanzia spidi 60 kwenda juu, hukubalansi.

Maunti ya nyuma na ile nondo ya chini inayoishika navyo vitasogezwa. Tumia bolti, usichomelee moja kwa moja kwenye chasisi ya zamani. Chasisi za huku kwetu pwani chumvi imeshazila kwa ndani, gonga kwanza na nyundo usikie.

Kebo inayotoka kwenye akseleta kwenda kwenye boksi ni ya nini? Naweza kuiacha?

Usiiache kamwe. Watu wanaiita kebo ya kikdauni wakadhani kazi yake ni kushusha gia ukitaka kuovateki tu. Kazi yake kubwa ni kuiambia boksi ipandishe presha ya oili ndani kulingana na unavyokanyaga. Ikiwa imelegea, presha inabaki ndogo wakati injini inavuta mzigo, pleti za ndani zinateleza, zinaungua. Boksi nzima inaweza kufa wiki ya kwanza kwa kebo ambayo haikukazwa.

Kupima: mtu akanyage akseleta mpaka mwisho kabureta iwe wazi kabisa. Kwenye kebo kuna kipande kidogo cha chuma kimebanwa, na kuna mpira mwisho wa kava. Nafasi kati ya hivyo viwili iwe kati ya 0 na milimita 1. Ndo hivyo tu. Kazi ngumu ni kutengeneza kishikio kwenye kabureta ambayo haikuja nacho, na hicho kishikio kivute kebo kwa umbali uleule wa gari iliyotoka. Ndo sababu nyingine ya kuchukua seti nzima.

Kupoza oili: rejeta yangu haina matundu ya otomatiki, nifanyaje?

Rejeta ya manyuali haina kipozeo ndani ya tenki lake la chini, hiyo ni kawaida. Una njia mbili: rejeta ya otomatiki, au kipozeo cha nje kinachokaa mbele ya rejeta. Kwa jua la huku na mzigo mimi nataka cha nje, kikubwa, kinachopata upepo wa moja kwa moja. Na kuna faida ya pili. Rejeta ya zamani ikitoboka kwa ndani maji yanaingia kwenye oili ya boksi, na ile gundi inayoshika pleti za ndani haipendi maji. Cha nje hakina hiyo hatari.

Hozi ziwe za oili zinazovumilia moto na presha, sio hozi za petroli wala za maji. Zisiguse ekzosi, na zifungwe zisisuguane na chasisi. Ukitumia kipozeo cha used kilichotoka kwenye gari ambayo boksi yake ilikufa, kisafishe kwa petroli na upepo mpaka kitoke safi, la sivyo uchafu wa boksi ya marehemu unaingia kwenye yako.

Ukinibana uniulize nifanye nini vizuri na nini nifanye hivihivi, nitasema kipozeo na kebo vizuri, mengine utarekebisha baadae.

Waya je?

Ni chache. Swichi iliyo pembeni ya boksi ina waya nene mbili, hizo waya ya kuwashia inayoenda stata ipitie hapo, ili gari iwake kwenye P na N tu. Msiipite hiyo swichi kwa kuunganisha moja kwa moja, gari ikiwashwa ikiwa D na mtoto yuko mbele ni msiba. Waya nyingine za swichi hiyohiyo ni taa za rivasi. Halafu kuna waya ya overdraivi, weka fyuzi.

Pedali ya klachi inatolewa?

Toa, na uzibe tundu lililobaki kwenye ukuta wa injini, maji ya mvua yataingia miguuni. Pedali ya breki kama unaweza kupata pana ya otomatiki weka. Wiki ya kwanza mguu wa kushoto utatafuta klachi utakuta breki, kaa nao nyuma kabisa.

Inachukua siku ngapi?

Ukiwa na seti nzima na fundi anayejua, siku nne au tano. Sisi tulikaa zaidi ya mwezi kwa sababu nilizokwisha kuzieleza.

## OILI NA KUENDESHA

Oili gani na lita ngapi?

Hizi boksi za zamani za kebo zinataka ATF (oili ya boksi za otomatiki) ya daraja la Dexron II au III, nyekundu. Za baadae baadhi zinataka Type T-IV, angalia stiki, mara nyingi imeandikwa. Boksi ikiwa kavu na konvata kavu inameza lita 6 mpaka 8 hivi, ya fowili inaweza kuzidi. Weka lita 4 kwanza, washa, ongeza kidogo kidogo. Ukija kubadili oili kwa kufungua nati ya sampo zitatoka kama 2 tu, nyingine zinabaki kwenye konvata, kwahiyo usishangae wala usijaze 8 juu yake.

Napimaje?

Tofauti na oili ya injini, hii inapimwa injini ikiwa inawaka. Gari iwe imetembea imepata moto, sehemu tambarare, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi kuanzia P mpaka L (gia ya chini kabisa) na urudi P, toa stiki, futa, ingiza, toa tena, soma upande wa HOT. Kitambaa kisiwe kinachotoa nyuzi. Kuzidi ni kubaya kama kupungua, oili ikizidi inapigwa inakuwa povu.

Kushuka Newala kwenda Masasi na mzigo, si itakimbia?

Ukiacha kwenye D itakimbia na breki zitanuka. Kabla hujaanza kushuka, kabla sio katikati, zima overdraivi, weka 2, na pakiwa pakali sana weka L ukiwa mwendo mdogo. Injini itashika. Na usiweke N kwenye mteremko eti uokoe mafuta, hapo umebaki na breki peke yake.

Mchanga wa Msimbati?

Otomatiki inapendeza mchangani, inaondoka taratibu bila kuchimba. Punguza upepo wa tairi, weka 2 au L. Ukinasa usikanyage kwa hasira dakika tano tairi zikizunguka, konvata inachemka haraka kuliko unavyodhani. Shuka uchimbe.

## IKILETA TABU

Inachelewa kuingia gia asubuhi, baadae inakuwa sawa.

Pima oili kwanza. Ikiwa sawa angalia chujio na kebo. Boksi iliyokaa muda mrefu sili za ndani zinakuwa ngumu, zikipata moto zinalainika. Inaweza kuishi hivyo muda, ila anza kuweka akiba.

Betri imekufa, naweza kusukuma?

Hapana. Pampu ya oili inazungushwa na injini, injini ikiwa imezima hakuna presha, na bila presha hakuna gia inayokamata. Mtasukuma mpaka Mangamba. Tembea na waya za kubustia.

Ikiharibika njiani nivutwe tu na kamba?

Shusha propela kwanza ndo mvutwe, au tairi za nyuma ziinuliwe. Ukivuta tairi za nyuma zikizunguka, vitu vya ndani vinazunguka bila oili kupita. Kufungua propela ni bolti nne, ziba nyuma ya boksi na mfuko wa plastiki na mpira oili isimwagike.

Nimepita kwenye maji mengi.

Vuta stiki. Oili ikiwa ya pinki kama maziwa yenye rangi, maji yameingia, usiendeshe hata kurudi nyumbani. Ili isitokee, kile kibomba cha kupumulia juu ya boksi kivalishe hozi nyembamba uipandishe mpaka karibu na bodi ya juu, kazi ya nusu saa.

Nina Datsun ya zamani nimeweka dizeli, boksi yake ya otomatiki ya gia tatu itafaa?

Hizo boksi za zamani za Nissan zinapima nguvu ya injini kwa vakyumu ya manifoldi, kuna kikopo pembeni kinachovutwa na hozi. Dizeli haina vakyumu hiyo. Unaweza kuhangaika na vakyumu pampu na valvu ya kwenye akseleta, ila mimi ningetafuta ya kebo.

TRA na bima wanasemaje?

Kadi ya gari ina namba ya injini na ya chasisi, ukibadili boksi peke yake namba hizo hazijaguswa. Ukibadili na injini nenda TRA wakabadilishe kwenye kadi, na ubaki na risiti. Bima waambie kwa vyovyote, kabla ya ajali.

Nikiichoka naweza kurudisha manyuali?

Unaweza, kama hukuuza vitu. Ya kwetu yote ipo, boksi, flaiwili na bolti zake kwenye kopo la maziwa, pedali, propela ya zamani na kile kibushi cha krenki, vimepakwa grisi vikafungwa kwenye gunia juu ya mbao, stoo ya nyuma pale Mikindani. Mzee ndo alivifunga mwenyewe, akaandika kwa chaki ukutani namba ya gari na tarehe.